Huku Juu Hewa Haishibishi

Mpendwa mshauri, nisaidie kulibeba jambo hili, maana peke yangu nimeshindwa. Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu Juni, sauti ya ukucha unaogonga chuma cha kitanda, ti, ti, ti, polepole, niliyoisikia kwenye simu kutoka hospitali moja ya Nyandarua, nami niliitambua mara moja, kwa sababu hivyo ndivyo ndugu yangu mdogo Faiz alivyofanya tangu utotoni akishikwa na maumivu, hulala kimya akagonga kitanda kwa ukucha ili asilie.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika shule ya upili hapa Malindi, nina miaka ishirini na sita, na Faiz ana kumi na tisa. Faiz ana selimundu. Neno hili nyumbani kwetu halitamkwi. Alipogunduliwa akiwa na miaka miwili, mama alitoka kliniki akawaambia watu kuwa mtoto ana baridi yabisi, na tangu siku hiyo sote tumesema baridi yabisi, kwa majirani, kwa walimu wake, hata sisi kwa sisi tukila, mpaka nadhani Faiz mwenyewe alikua akiamini kwamba adui yake ni baridi. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa na mabinti wawili wa kuozwa, na huku kwetu watu wakisikia damu ya nyumba ina kasoro hawabishi hodi tena.

Mwaka huu Faiz alipata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu kule juu, mahali palipo zaidi ya mita elfu mbili na mia tatu kutoka usawa wa bahari. Lakini sisi hatusemi juu. Tunasema bara. Bara ni mbali, ni viazi, ni baridi, na mtu akienda bara hufungiwa masweta, kwa hiyo mama alimfungia masweta manne, blanketi zito na chupa ya mafuta ya habasoda ya kusugulia viungo, na mimi ninayewafundisha kidato cha tatu jinsi chembe nyekundu za damu zinavyobeba oksijeni, mimi ninayejua kwamba chembe za Faiz hupinda kama mundu zinapoikosa na kuziba mishipa, nilikalia begi ili zipu ifungike.

Wiki za kwanza alinipigia akicheka. Wenzake wa chumbani walimpa jina la Pwani. Nicholas, anayelala kitanda cha juu yake, alipaza sauti ili nami nisikie: "Pwani, ngazi kumi na mbili tu unapumzika kama umebeba saruji?" Faiz akaniambia, "Dada, chakula cha huku kinashibisha, hewa ndiyo haishibishi." Nikacheka. Nikamwambia atazoea.

Juni ikaja na ukungu. Jumanne moja mchana Nicholas alinipigia nikiwa chumba cha walimu, akasema, "Dada, Pwani anatetemeka na huku jasho linamtoka. Tumempa blanketi zetu zote, bado anasema baridi iko ndani ya mifupa." Wakampeleka hospitali, na alipoulizwa ana ugonjwa gani akajibu kama alivyofundishwa, baridi yabisi, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa ajifunike. Saa kumi na mbili jioni daktari mmoja, Phineas, aliyaona macho yake yamekuwa manjano, akanipigia kwa simu ya Faiz mwenyewe, na hapo ndipo nilipousikia ukucha ule nyuma yake.

"Wewe ni dada yake? Nyinyi ni watu wa Kilifi. Kwenu pwani selimundu ni nyingi. Huyu anayo?"

Mama alikuwa ameketi mbele yangu akichagua mchele. Akanitazama, akatikisa kichwa mara moja. Nikasema, "Hapana, daktari. Ni baridi yabisi."

Nilimpigia tena kesho yake saa sita mchana nikamwambia ukweli. Saa kumi na nane zilikuwa zimepita, kifua cha Faiz kilikuwa kimeziba na alikuwa amewekewa oksijeni. Daktari hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Mwalimu, tungejua jana."

Faiz hakufa. Alirudi Malindi amekonda, anachechemea mguu wa kushoto, akiwa na barua ya daktari inayosema asiishi tena mahali pa juu kiasi kile, ahamishiwe chuo cha pwani. Chuo kimoja cha pwani kimekubali kumpokea barua ikifika. Haijafika, kwa kuwa mama ameificha. Nimechumbiwa na Abdulhakim wa Mambrui, nikahi yetu ni baada ya miezi minne, na karani mmoja wa chuo hicho cha pwani ni binamu yake Abdulhakim, kwa hiyo mama anasema barua ikisomwa huko itasomwa Mambrui. "Arudi muhula mmoja tu," aliniambia. "Nitamnunulia koti la maana. Muhula ule wa kwanza si alikaa?" Nikamwambia, "Mama, si koti." Akasema, "Wewe umesoma, mimi nimelea. Ukishaolewa sema utakalo." Faiz husikia yote haya akiwa chumba cha pili na hasemi kitu. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki tatu.

Nimelifikiria jambo hili mpaka nimeacha kula, nikaona kwamba kinachompandisha Faiz kule juu ni siri, na siri ikifa mama hatakuwa na sababu ya kuificha barua. Kwa hiyo Ijumaa, baada ya shule, nilikwenda Mambrui, nikamwamkia shikamoo mama yake Abdulhakim, nikaketi, nikamwambia kwamba Faiz ana selimundu, na kwamba mimi nimepimwa, siumwi lakini nimeibeba damuni na naweza kumrithisha mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akanisindikiza hadi mlangoni, akasema, "Haya mwanangu, wasalimie kwenu." Mama hajajua. Abdulhakim hajanipigia. Je, nimemwokoa ndugu yangu au nimeibomoa nyumba yetu? Jina langu liandike, sina tena cha kuficha. Neno nimeshalisema.

Raihana, Malindi

JIBU

Raihana, jina lako sikuliandika. Hilo ni la kubuni, na mengine yote humu nimeyabadilisha, ya watu na ya mahali. Wewe huna cha kuficha, lakini ugonjwa si wako. Ni wa Faiz, na Faiz hakuniandikia.

Pole, mwanangu. Nakupa pole ya kweli, kisha nitakugombeza, kwa kuwa daktari alikunyima.

Ulimdanganya daktari huku mgonjwa anasikika nyuma yake. Usijifiche nyuma ya mama yako na mchele wake. Yeye alitikisa kichwa, wewe ndiye uliyefungua mdomo. Kosa hilo ni lako, lakini naona ndilo lililokupeleka Mambrui mbio mbio, na mtu anayekimbia hatia hapigi hodi mlango unaofaa. Wakwe wana haki ya kujua habari ya damu yako. Habari ya damu ya Faiz ulipaswa kumwuliza Faiz kwanza, naye alikuwa chumba cha pili. Mama ameamua juu yake, wewe umeamua juu yake, na kijana wa miaka kumi na tisa amekaa kimya kama mlivyomfunza.

Sasa sikiliza. Mwambie mama yako leo, kabla habari haijamfikia kutoka Mambrui. Usimsomee bayolojia, wala usimcheke kwa masweta yake. Baridi nayo humdhuru mwenye ugonjwa huu, na kukosa maji mwilini pia, kwa hiyo alikuwa na nusu ya ukweli. Nusu aliyoikosa ni kwamba kule juu hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko hapa. Mtu mwenye afya akitoka pwani huenda akaumwa kichwa na kuhema kwenye ngazi, kisha mwili wake ukajirekebisha baada ya siku au majuma. Ndiyo maana neno "atazoea" ni kweli kwa watu wengi, na kwa Faiz ni hatari. Kwake hewa haba hupinda damu, na sweta haliongezi hewa.

Barua usiisake chini ya magodoro. Hospitali ile ina faili, na kliniki iliyomtibu tangu utotoni inaweza kuandika nyingine. Wamtazame na nyonga, maana kule kuchechemea si jambo la kupuuzwa. Ikiwa siku ya kufungua itafika na barua bado, Faiz asipande hata kwa wiki moja. Apoteze muhula.

Kuhusu Abdulhakim sitakudanganya. Wanaweza kukukataa, na itakuuma kwa muda mrefu. Akija, apimwe kabla ya nikahi, mkae pamoja na watu wa kliniki mjue mnaingia wapi. Asipokuja, usimfuate, na Faiz asisikie hata siku moja kwamba yeye ndiye sababu.

Kesho asubuhi nendeni kliniki, wewe na ndugu yako. Muuguzi atakuuliza wewe, kwa kuwa una sura ya mwalimu. Nyamaza. Mwache Faiz aseme mwenyewe anaumwa nini, hata ikimchukua muda.