Kwangu Inalia Vizuri

Wekesa ndugu yangu,

Juzi mke wako alinipa simu yako ya majaribio. "Chukua, Mwalimu. Hapa kila mtu anaiogopa." Nilifika nayo kwangu Kiamunyi, nikaitia laini mpya, nikaichaji, nikaiacha mezani hadi kioo kikazima na simu ikalala. Kisha nikaipigia kwa simu ya mke wangu, Mama Chebet. Haikulia.

Nilirudia mara nyingi. Nilikuwa natafuta namna ya kukutetea.

Wewe ndiye uliyeniingiza katika mchezo huu ulipostaafu kazi ya umeme kule Olkaria. Tulinunua simu mbili kuukuu za aina moja, tukafuta mfumo wa kiwandani na kuweka mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Sheria uliiweka wewe: kila mmoja aweke laini yake humo, asibaki na simu nyingine. "Jaribio lenye simu ya akiba mfukoni si jaribio, Mwalimu. Ni maonyesho." Ningekuwa bado nafundisha fizikia, ningeiandika ubaoni.

Halafu yangu ikaacha kulia. Ikilala tu, anayenipigia anaambiwa sipatikani. Nilipokuuliza, ulisema, "Kwangu inalia vizuri. Angalia mikono yako, chaki imeziba vidole." Nikacheka nawe. Nikarudi nyumbani, nikafuta mfumo na kuuweka upya, tena na tena, nikitafuta kosa langu. Mama Chebet aliponisihi nirudie simu ya kawaida, nilimwambia, mbona ya Wekesa inafanya kazi.

Ya Wekesa. Kwenye matanga yako, binti yako alinionyesha picha zako za mwisho katika simu nyingine, mpya, ya dukani. Laini yako ilikuwa humo tangu wiki ya kwanza ya jaribio letu. Ile kuukuu ulikuwa unaiweka mezani nikija.

Mke wako akaniuliza kwa upole, "Ulikuwa wapi, Mwalimu? Alikupigia kutoka hospitali Naivasha mchana kutwa. Alikuwa anasema tu, huyu mtu hapatikani."

Jibu nilikuwa nalo. Sikumpa. Ni mjane.

Nakupa wewe. Kosa likiwa kwa simu moja, unashuku mikono ya mwenyewe. Likiwa kwa mbili zenye mfumo uleule, unashuku mfumo. Ulikuwa unajua hilo kuliko mimi. Neno lako moja, "hata yangu," lingetosha. Kwa simu mbili kando kwa kando, kosa nimelipata kwa mchana mmoja: mpangilio wa kubana betri ulikuwa unazima sehemu inayosikiliza mtandao. Mchana mmoja, Wekesa. Ningekuja Naivasha. Ningekushika mkono.

Uliona haya kushindwa mbele yangu? Mbele yangu mimi?

Nimewatumia watengenezaji wa mfumo marekebisho. Waliuliza majina ya waliogundua. Niliandika langu, nikaandika lako, nikafuta lako.

Laini yangu itabaki humu katika simu yangu kuukuu, kama tulivyoapa. Na simu yako nitaitunza. Kila toleo jipya nitalijaribu hapo kwanza, niilaze, niipigie. Siku nitakapoisikia ikilia bila kukukasirikia, nitawaandikia tena, na jina lako litatangulia langu. Hilo nakuahidi. Siku yenyewe sijui.

Pumzika, ndugu yangu. Hata yako inalia sasa.

Mwalimu wako