Mbili Nilizojiandikia Mwenyewe

Mafinga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na dawa unakunywa au umezificha tena chini ya mto? Ndaga fijo, asante sana kwa ndizi, zilifika salama kabisa. Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka. Ningepiga simu, lakini ungeanza kunipa pole kabla sijamaliza.

Mama, Tumpe haji tena kukaa nami Januari. Kile cheo cha msimamizi wa zamu, ambaye hupewa vyumba viwili vya kiwanda, nimekikosa. Na najua mwanangu ameshaanza kuwaaga wenzake shuleni.

Ilikuwa hivi. Meneja wetu mpya alitugawia fomu: andika malengo yako ya miezi mitatu, ikiisha ujipe alama mwenyewe, moja mpaka tano. Nikaona ni jambo jema. Niliandika kwamba mlango ninaoutengeneza usirudishwe na mteja. Nikawa nahakikisha kila ubao umekauka kabla ya kuukata, na kila Ijumaa naandika kwenye daftari pale nilipokosea. Kweli imenisaidia, mama! Haujarudi mlango wangu hata mmoja.

Siku ya kujipa alama ikafika, nikajipa mbili. Ningefanyaje? Umenilea kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikasema meneja ana macho, ataona. Gasto, fundi mwenzangu wa Kihesa, ambaye milango yake minne imerudishwa imepinda, alijipa tano kuanzia juu mpaka chini. Basi msimamizi ni Gasto!

Nikamfuata meneja ofisini. Akanifunulia fomu yangu: "Dada Atupele, hii mbili niliandika mimi?"

"Hapana, bosi, lakini milango yangu si umeiona?"

"Nina watu wengi. Kama wewe mwenyewe hujioni unafaa, mimi nikuone vipi?"

Jamani! Nilitoka pale nalia kwa hasira, na hasira yenyewe sijui nimpelekee nani. Gasto hajaniibia kitu. Meneja naye kasoma nilichoandika.

Jana tumejaza fomu nyingine, ya kujipa alama za mwaka mzima. Safari hii nimejipa tano, tena kwa kalamu ya wino, nikaipeleka mbio kabla aibu haijanirudisha. Mpaka sasa naona haya utadhani nimeiba. Zamu ya pili nayo inatafutiwa msimamizi mwakani, nitaomba. Mwambie Tumpe taratibu, na umwambie mama yake kazi anaiweza.

Nisalimie baba mdogo, shangazi anayekuchotea maji, na mama mchungaji, mwambie bado naimba kwaya huku.

Halafu mama, nakuomba kwa heshima zote, usinikasirikie. Tumpe akirudi kutoka shuleni akasema, "Bibi, nimekuwa wa kwanza," usimwambie anyamaze eti watu watasema anajisikia. Muulize amewezaje.

Mwanao akupendaye,
Atupele