Hata Bihogo Hakuitwa Mjinga

Papa Mshauri, salamu katika Bwana, naomba unijibu kabla ya siku ya Mungu, Jumapili hii, maana siku hiyo nitapaswa kusimama mbele ya kanisa kutoa jibu na sijui nitajibu nini.

Mimi ni mama wa hapa Mabanga, nauza jibini ya Masisi, tulishuka kutoka kule milimani kwa sababu ya vita tukapita kambi ya wakimbizi ya Mugunga, sasa tuna nyumba yetu ya mbao na Mungu ametulinda, lakini kichwani mwangu kuna sauti isiyonyamaza, maharagwe yakishika chini ya sufuria inasema wewe ni mjinga, nikichelewa maombini inasema wewe ni takataka, na mimi naikubali, naisema hata kwa kinywa, na katika kikundi chetu cha maombi nikisimama naanza hivi, "Bwana, mimi ni mdudu, sifai kitu," na mama Bénédicte anayetuongoza anaitikia, "Amina, huo ndio unyenyekevu," basi nikadhani ninakua kiroho. Mume wangu Twagirimana ananicheka, anasema, "Weye mama, unajitukanaka hivi kila siku, majirani watabakia na matusi gani?" lakini mimi sicheki tena, kwa sababu juzi binti yetu Héritière, ambaye bado mdogo, alimwaga maziwa, na kabla sijafungua mdomo akajipiga kofi kichwani akasema, "Mama, usinichape, najua, niko mujinga, niko takataka," kwa sauti yangu, papa, sauti yangu kabisa, nikamkumbuka marehemu baba kule Masisi, siku ng'ombe wake Bihogo alipopiga teke chombo na maziwa yote yakamwagika, baba alimpapasa mgongo akaendelea kumwimbia majina yake ya sifa kama kila asubuhi, nikalia. Na sasa mchungaji ananiomba nifundishe Ekodim, shule ya watoto ya kanisani, mtu kama mimi atawafundisha nini watoto wa watu?

Mama Héritière, Mabanga

Mama Héritière,

Pole, mama yangu. Barua yako nimeipepeta kama mchele wenye mawe, nikitafuta hiyo dhambi inayokufanya uitwe takataka. Nimekuta maharagwe yaliyoungua na kuchelewa maombini. Basi! Hata hakimu mwenye njaa angekuachilia uende zako.

Sasa nikukaripie. Hicho unachokiita unyenyekevu si unyenyekevu. Mnyenyekevu humwambia Mungu ukweli: hapa nimekosa, nisamehe, nisaidie. Anayesema "mimi ni takataka" anamwambia Muumba kwamba alifanya kazi mbaya. Mungu alitazama alichokiumba akaona ni chema. Wewe na mama Bénédicte mmepata wapi mamlaka ya kumsahihisha? Na ninyi viongozi wa vikundi vya maombi, najua mnaisoma safu hii kwa kujificha, acheni kuitikia Amina kila mama anapojitemea mate. Kushtaki watoto wa Mungu ni kazi ya Shetani. Msimsaidie.

Unauliza mtu kama wewe atafundisha nini. Petro alimkana Bwana wake mbele ya watu, akiota moto. Wewe umeunguza maharagwe. Na Bwana alipomkuta ufukweni mwa ziwa, hakumwita mjinga. Aliwasha makaa, akamchomea samaki, akamwambia kwanza ale. Kisha akamkabidhi nani? Wana-kondoo! Kama angengoja Petro amalize kujitukana, kundi lingekufa njaa.

Baba yako alilijua hilo. Maziwa aliyaona yanapotea ardhini, hakuwa kipofu. Lakini Bihogo alikuwa ng'ombe wake, na kumwaga maziwa hakukumfanya awe wa mtu mwingine. Wewe ni wa nani? Ng'ombe aimbiwe sifa, na mtoto wa Mungu alishwe matusi? Aibu!

Fanya hivi. Sauti ikija, ikatize kwa kinywa, hata kama uko sokoni na wateja wanakushangaa. Sikuambii ujidanganye. Sema, "Maharagwe yameungua, na mimi ni wa Bwana, nitapika mengine." Kweli zote mbili, kwa pumzi moja. Itarudi, ni sugu. Nawe uwe sugu kuliko yenyewe. Katika kikundi, anza kuomba kwa kushukuru, na mama Bénédicte akinuna, mwache anune. Na ikiwa sauti hiyo itakuambia siku moja kwamba afadhali ufe, mwambie Twagirimana saa hiyohiyo akupeleke kituo cha afya. Maombi na dawa si wake wenza, havigombani.

Leo, Héritière akitoka shule, mketishe karibu nawe umwombe msamaha. Ndiyo, mzazi humwomba mtoto msamaha, hutapungukiwa na kitu. Umwambie maneno yale yalikuwa ya uongo, kwako na kwake. Kisha mtungie majina ya sifa kama ya Bihogo, umwimbie kila asubuhi kabla hajatoka nyumbani.

Jumapili simama mbele ya kanisa, useme "Nakubali," ukae. Usiongeze neno juu ya mdudu. Unaogopa kwamba hujui kufundisha, na mwanafunzi wako wa kwanza ameshashika kila neno, hata sauti yako. Unafundisha vizuri mno, mama. Badilisha somo.