Alichofanya mdogo wetu

Nyumbani, nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa dada,

Goti linaendeleaje? Natumaini sasa unapanda ngazi bila kulalamika. Huku tunapumua. Mama anakula vizuri, ila masikio ndiyo hayo, ukimwomba chumvi anakuletea kamba.

Dada, kaa kwanza. Ni habari za mdogo wetu na mumewe, fundi baiskeli.

Unakumbuka ulipomuuliza shemeji kuhusu lile jino lililong'oka, akasema pampu ilimruka? Tulicheka sote. Haikuwa pampu.

Jumanne asubuhi nilipita kwao kuazima jembe. Kabla sijabisha hodi nikasikia kishindo, nikasukuma mlango. Shemeji alikuwa amechuchumaa kati ya kabati na ukuta, mikono kichwani, na mdogo wetu anampiga kwa mchi. Hakuwa akifoka. Alipiga kama anayetwanga, taratibu, kila pigo na pumzi yake. Nilipopiga kelele alinitazama, akaweka mchi chini, akachukua sufuria ya chai iliyokuwa ikichemka, akammwagia mgongoni. Shati lilipovuliwa lilitoka na ngozi.

Njiani kwenda zahanati nilimuuliza shemeji mbona hakumzuia mkewe hata kidogo.

"Ningemgusa, shemeji, nani angeniamini?"

Kumbe mwaka jana alikwenda polisi sikio likivuja damu. Walimwambia arudi na mama yake. Mafundi wenzake wakasikia, wakampa jina, Bwana Mchi, na mimi nikalitumia bila kujua limetoka wapi. Jambo hilo linaniuma.

Safari hii nilikwenda naye kituoni. Askari alianza kutabasamu.

"Mwanamume mzima huyu?"

Nikamwambia, "Aliyemfanyia hivi ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimeona kwa macho yangu. Andika, afande."

Tabasamu likamwisha. Akaandika.

Mdogo wetu yuko rumande. Nampelekea nguo, anazipokea bila kuniangalia. Mama anasema nimemuuza mwanawe, na najua atakuomba unishawishi nifute maneno yangu. Sitafuta. Nampenda yule mtoto, dada, nimembeba mgongoni. Lakini angemuua.

Wasalimie shemeji mkubwa na wanao, wajomba zangu wote. Mungu akulinde utokapo na uingiapo.

Fundi yuko hapa kwangu, anakusalimu. Alitaka kuongeza mstari kwa mkono wake, ila vidole bado havishiki kalamu.

Mdogo wako anayekupenda,
Wa Katikati