Maksai Mweusi Nisiyekuwa Naye

Jumamosi, 12 Januari 2013
Mageti mawili yamechomelewa kabla ya saa nne. Hakuna fundi Lodwar nzima wa kunifikia. Hata Juba walisema hivyo. Adhuhuri nikapanda lori la mahindi hadi Kakuma, mazoezini. Bendi yetu ni watu watatu, jenereta moja na ukumbi wa kanisa wa kuazima. Tunapiga roki. Studio hatuna, bosi hatuna. Espoir, Mkongo wetu wa besi, fundi redio huko kambi ya wakimbizi, alinirekebisha kwenye kodi moja ya gitaa. Alinishika vidole vitatu, akavipanga kwenye nyuzi. Mimi nimefika Mombasa, Kampala, Juba. Nimependwa na wanawake wa nchi tatu. Nikaikosea kodi ileile mara tatu kama mtoto wa chekechea. Nina hasira mpaka sasa.

Jumatano, 16 Januari
Chakula hakishuki. Nimechomelea bawaba upande mbaya, mteja akanitukana, nikamwambia ndio mtindo wa Ulaya.

Nampenda Espoir, mwanaume mwenzangu. Haya, nimeandika. Asome nani? Niliachia darasa la sita, mwandiko huu hata mimi unanishinda.

Wimbo nimeupata. Kwetu Waturkana mwanaume humwimbia maksai wake: rangi, pembe, mwendo. Hata ukilia, hakuna anayeuliza. Basi nimemwimbia maksai mweusi, ana kovu chini ya jicho, kichwa anakiinamisha upande akisikiliza. Ni Espoir huyohuyo.

Jumapili, 20 Januari
Tulipiga baada ya ibada. Watu wakainua mikono kama pembe, wakaruka mpaka vumbi likaingia kwenye spika. Wasudani nao hawakubaki nyuma. Nilikuwa moto, sitajidanganya. Espoir alipiga besi akiangalia viatu vyake, akaondoka bila kuaga. Nimeharibu.

Alhamisi, 24 Januari
Baba mdogo Ekal kaja karakana. Salamu yake ya ejok ilikuwa kavu. Wimbo ameusikia kwenye simu ya dereva. Yeye anajua kila ng'ombe wa ukoo, na huyo mweusi hayumo. Kwa hiyo nimesifu maksai wa mtu mwingine, na kwetu huo ni wizi. Nimtaje mwenye maksai, wazee wapeleke mbuzi wa kuomba radhi. Siku ni Jumamosi, mbele ya wanaume wote.

Hilo sikuwaza kabisa. Mimi, mjanja wa miji yote.

Ijumaa, 25 Januari
Asubuhi nzima soko la mifugo, natafuta maksai mweusi mwenye kovu. Nikampata. Mzuri kweli. Nikamtazama, akanitazama. Hapana. Nikimnunua, itabidi nimwimbie huyu mpaka nife.

Na nikisema ukweli, watamfikia Espoir kabla jua halijazama. Mtu wa kambi hana ukoo wa kumsimamia.



Jumamosi, 26 Januari
Nimesema nilidanganya. Maksai hayupo. Nilimtunga ili nionekane mtu.

 Wakaangua kicheko. Watu wa rika langu waligaagaa mchangani. Baba mdogo peke yake hakucheka.

"Hata mbuzi, Lokwawi," akasema. "Ungemwimbia hata mbuzi wako."

Mwanaume huku huitwa kwa maksai wake. Mimi sasa naitwa Mfuga Hewa. Nilipofika karakana jina lilikuwa limeshafika. Wateja wananiita hivyo wakiagiza madirisha. Nacheka nao. Inauma vibaya sana.

Jumatano, 30 Januari
Kazi. Mfuga Hewa huku, Mfuga Hewa kule. Espoir hajapiga simu.

Jumamosi, 2 Februari
Kakuma. Mpiga ngoma hakuja, anaumwa jino. Espoir alikuwa amekaa juu ya spika. Yote alishayasikia, wenye malori walimwambia.

"Ile ngombe," akasema, "ni miye?"

Nikatafuta utani. Nikauacha. Nikasema ndiyo.

Akainuka, akaenda mlangoni, nikajua anaondoka. Akaufunga. Akarudi, akakaa karibu.

"Imba tena. Ngombe itoke."

Nimeimba. Bila ng'ombe, wimbo umebaki maneno manne, na moja ni jina lake. Tuliurudia polepole mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Tukaendelea bila umeme.