Mistari Sita Kwenye Seva ya Pili

Kaka yangu mpendwa,

Leo asubuhi nusura nisimamishe kazi ya yadi nzima ya makontena hapa Kurasini, na kosa ni langu. Ungekuwapo ungenisema wiki nzima, tena mbele ya mama, na ningestahili.

Unakumbuka siku ya kwanza uliyoniingiza chumba cha seva? Nilivaa sweta la mama kwa sababu ulinitisha kuwa mle ndani kuna baridi ya Makambako. Ulinionyesha zile mashine mbili ukasema, "Hawa mapacha. Mmoja akiugua, mwenzie anabeba kazi, na madereva kule getini hawajui kitu." Kisha ukanifundisha jambo ambalo wengi hulisahau. Mashine ikishindwa mara kadhaa, mfumo unaacha kuiamini. Hata ikitengenezwa ikapona, maadamu makosa ya zamani bado yameorodheshwa kwenye skrini, haipewi kazi mpaka mtu ayafute. "Na usifute kosa hujalisoma," uliniambia. "Soma, andika kwenye daftari, ndiyo ufute. Ukifuta bila kusoma unaficha taka chini ya mkeka."

Siku yako ya mwisho kazini seva ya pili ilisumbua. Ukaitengeneza, ukaacha kufuta makosa mpaka kesho yake, ukarudi zako Mbagala, na alfajiri presha ikakuchukua. Tulipomaliza msiba nilirudi hapa nikakuta mistari sita myekundu, yote ina tarehe ya siku ile. Kuifuta ni amri moja tu, fupi. Sikuweza. Siku ya arobaini mama aligawa nguo zako, shati hili kwa huyu, viatu kwa yule. Mimi nilibaki na makosa yako, na nikaona nimepata fungu zuri kuliko wote. Kila Jumatatu Bi Tausi, meneja wetu, aliniuliza kama seva zote mbili ziko tayari. Nilimjibu, "Ziko sawa, bosi." Miezi minne nimemdanganya mama wa watu.

Leo saa tatu asubuhi diski ya seva ya kwanza ikafa. Nikakaa mbele ya skrini nikimsubiri pacha abebe kazi. Hakubeba. Geti likagoma kufunguka, malori yakaanza kupanga foleni, na honi zikawa zinapigwa kama kuna harusi. Mengine yalikuwa na samaki kwenye makontena ya baridi. Bi Tausi akaingia bila kubisha hodi.

"Wewe si uliniambia ziko sawa?"

"Nilikudanganya, bosi. Hiyo ya pili ina makosa ya siku ya mwisho ya kaka. Sijayafuta."

"Unayawekea nini sasa?"

"Ndiyo kitu cha mwisho alichofanyia kazi."

Nilidhani atanifukuza palepale. "Pole, mdogo wangu," akasema. "Lakini foleni imeshafika barabarani. Futa."

"Lazima niyasome kwanza. Nipe dakika tano."

"Chukua mbili."

Niliandika mbiombio hata mwandiko wangu haukusomeka. Nilinakili mstari mmoja mmoja kwenye daftari lako. Yote sita ilisema kitu kimoja, mawasiliano yamekatika, kuanzia saa nane na dakika sita mchana hadi saa nane na nusu. Nikainama nyuma ya mashine kuangalia. Waya wa mtandao ulikuwa mpya, umeubandika utepe wako wa bluu. Kumbe ulishamaliza kila kitu. Kilichobaki ni kufuta tu, na mimi ndiye niliyekizuia. Nikaandika amri, nikabonyeza.

Nyekundu ikatoka. Seva ya pili ikachukua kazi, na honi zikapungua moja baada ya nyingine. Bi Tausi alisimama mlangoni mpaka lori la kwanza likapita, akasema, "Jumatatu tutaongea," akaondoka. Sijui kama Jumatatu nitakuwa na kazi. Naogopa, kaka, sikufichi.

Baada ya hapo nikakaa kujaza daftari vizuri, kama ulivyotaka. Tarehe, kosa, sababu, aliyeshughulikia. Safu ya mwisho ni ya msaidizi, kwa sababu ulikuwa hukubali mtu ahangaike na seva peke yake. Hapo kalamu ikasimama. Nikatoa simu yangu nikatafuta siku ile. Ulinipigia saa nane na dakika kumi na moja.

Nilikuwa kantini, nimekununia kwa kuwa asubuhi ulinikosoa mbele ya mafundi. Niliona jina lako likiita. Nikaigeuza simu kifudifudi mezani nikaendelea kula. Muda wote huu nimejiambia kwamba ulitaka kunitania tu, ndiyo tabia yako. Hukuwa unatania. Ulikuwa umeinama nyuma ya ile mashine peke yako, na presha yako ile, unaniita nikusaidie.

Sikuliacha tupu lile pengo, kaka. Nimeandika, "Msaidizi: aliitwa, hakuja." Nikatia sahihi yangu.

Nisamehe. Pumzika.

Mdogo wako wa mwisho