Bi Rehema, Haukuwa Uvimbe

Bi Rehema,

Haukuwa uvimbe. Naanza na hilo kwa sababu uliondoka kabla sijakuambia.

Unakumbuka tulivyotoka hospitali Kisumu? Daktari alikuwa ameona kitu kama ngumi kwenye tumbo langu la uzazi, akasema huenda mtoto akakosa nafasi. Nililia barabarani: "Mtoto yangu atakufa." Ukanisahihisha papo hapo. "Mtoto wangu, Atieno. Lia, lakini lia vizuri." Nikacheka na machozi yangu.

Kutoka Kisumu walinituma Nairobi, wakanilaza ndani ya mashine ya MRI, ile ya sumaku. Nilivua hereni, vibanio, hata pete. Inagonga kama fundi anayepigilia mabati, na wewe husogei. Daktari wa pale alikuwa akichunguza jinsi tumbo la uzazi linavyokaza na kulegea miezi mingi kabla ya uchungu. Alipiga picha, akasubiri, akapiga tena, kisha akatuita. Kwenye picha ya kwanza ngumi ilikuwapo. Kwenye ya pili, hakuna. Hakuna kabisa, Bi Rehema! "Ni msuli tu, mama," akasema. "Ulikuwa umejikaza hapo, sasa umelegea." Ochieng', mume wangu ambaye hajui kulia, alitoka nje akakaa huko muda mrefu.

Nilirudi Migori na habari hiyo mdomoni. Cherehani yangu ilikuwa pale pale barazani kwako, lakini duka lako la vitambaa limefungwa. Sukari ilikuwa imekuangusha jana yake, na nyinyi Waislamu hamchelewi kuzika. Sisi Wajaluo tungekulilia wiki nzima. Mimi sikupata hata kukuona ukibebwa. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Msichana amezaliwa. Mnene, ana kelele, ananyonya kama ametoka kulima. Siku ya uchungu, tumbo lilipokaza safari hii nililisikia, wallahi, kama ulivyozoea kusema.

Na Mwanaisha, binti yako, ana mimba. Juzi alikuja kwangu tumbo limekuwa gumu kama ubao, ana hofu. Nikamwekea mkono mpaka likalegea, nikamwona anapumua tena. Bado tutaenda kliniki Jumatatu, wamwangalie.

Pumzika, dada yangu. Siku yake ikifika, hataingia chumba cha kujifungulia peke yake. Hilo nakuahidi.

Atieno